Nani Kamwalika Michele?

Mwandiko wangu unasomeka. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wana tabia ya kucheka kabla sijamaliza sentensi. Muuza duka wa mtaani husoma orodha ninazomwandikia nyuma ya bahasha, na kila siku sukari huja sukari, chumvi huja chumvi. Akikwama, hupaza sauti kutoka kwenye kaunta: "Mzee, hapa umeandika nini?" Namtajia, ananifungia, yameisha. Mjumbe wa shina amesoma barua zangu zote za malalamiko kuhusu mtaro. Kuzijibu hajazijibu, lakini amezisoma. Kwa umri huu sikutegemea kukutana na kitu ambacho kingelitazama neno "mchele", nililoliandika kwa mkono wa kulia, mezani, mchana kweupe, kikaona jina la mwanamke.

Kitu chenyewe ni kishikwambi chenye kalamu. Vishikwambi vitupu sina ugomvi navyo. Katika Sensa ya 2022 makarani walipita navyo nyumba kwa nyumba, wakagusagusa kioo, na mwisho wa yote tukaambiwa tuko 61,741,120. Kisha vikagawiwa walimu. Karani aligusa, kikakubali, hapakuwa na mabishano. Mabishano yameletwa na kalamu.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu mkubwa alitaka kuoa, ukoo ukaunda kamati, kamati ikanichagua katibu. Kwa wasiojua kamati za harusi za Dar es Salaam, katibu ndiye anayechukiwa na pande zote. Ukiiandika ahadi ya mtu, unamdai. Usipoiandika, umemdharau. Nilikuwa na daftari langu la mistari na kalamu ya wino wa bluu, na kazi ilikuwa inakwenda. Ndipo mdogo wake bwana harusi, kijana anayejipatia riziki kwa kutengeneza programu za kompyuta, aliposimama kwenye kikao na kusema tuachane na mambo ya kizamani.

"Mjomba," akaniambia kwa ile heshima wanayoitumia vijana wakitaka kukupa kazi, "wewe andika kwa mkono wako uleule. Chenyewe kinageuza kuwa maandishi ya chapa, muhtasari unakwenda hapohapo kwenye kundi la WhatsApp, kila mjumbe anaona ahadi yake."

Wajumbe wakapiga makofi. Kamati hupenda sana kupiga makofi kazi inapokuwa ya katibu.

Muhtasari wa kwanza ukaenda. Nilikuwa nimeandika "Shangazi ameahidi 50,000." Kundi zima likasoma: "Shanghai amended So,ooo." Niliandika "Kamati ya vyakula", ikatoka "Karate ya vyakula". Pilau ikawa "Pilot". Ng'ombe wawili tuliopanga kuwachinja walitokea kwa jina la "Ngombe Hawaii", na mjumbe mmoja akauliza kama bajeti inaruhusu kuwaleta kutoka mbali kiasi hicho. Halafu, katikati ya mahitaji ya jikoni, pale nilipoandika "Mchele kilo 100", pakatokea: "Michele kilo loo."

Mtu fulani, ambaye uchunguzi wangu bado haujamfikia, aliutuma muhtasari huo upande wa pili. Usiku biharusi akampigia bwana harusi kutaka kujua Michele ni nani, na kwa nini kamati ya wanaume inajadili kilo zake. Bwana harusi akanipigia mimi.

"Mjomba, shikamoo. Naomba uniambie ukweli. Michele ni nani?"

"Marahaba. Ni mchele."

"Ndiyo, huyohuyo Michele. Ni nani?"

Asubuhi nikamwita yule fundi wa programu aje na maelezo. Akaja nayo, tena mengi, akayamwaga mezani huku akinywa chai yangu.

Kwanza, akasema, niondoe dhana kwamba kishikwambi kinautazama mwandiko wangu. Hakitazami kitu. Zipo mashine zinazotazama: zinapewa picha ya karatasi na kuulizwa kilichomo. Hizo hufunzwa kwa picha, na mkusanyiko maarufu kuliko yote unaitwa MNIST, wa tangu 1998: tarakimu 70,000 zilizoandikwa kwa mkono, kila moja imebanwa kwenye kiboksi cha nukta 28 kwa 28. Waandishi walikuwa wafanyakazi wa ofisi ya sensa ya Marekani na wanafunzi wa sekondari wa hukohuko. Kwa maneno mengine, vizazi vya mashine vimejifunza namna saba inavyoandikwa kutoka kwa watoto wa shule wa Marekani, na sisi tunaoikata saba yetu katikati hatukuulizwa.

Kalamu ya kidijitali haina habari na picha. Inafuata mwendo. Chini ya kioo kumetandazwa wavu wa nyaya nyembamba unaotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu mna koili ndogo inayouitikia. Ndivyo zilivyo kalamu za Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa 1983, na ndiyo maana nyingi kati yake hazina betri: zinapata nguvu zake kutoka kwenye kioo chenyewe. Kalamu ikiwa bado hewani, karibu sentimita moja juu, kioo kimeshajua kwamba inakuja, na kimeshaamua kukipuuza kiganja changu kinachojilaza pembeni. Nikamwambia mpwa wangu kwamba kitu kinachojua naja kabla sijafika kingeweza pia kujua nataka kusema nini. Akasema hayo ni mambo mawili tofauti.

Kalamu ikigusa, inaanza kutoa nukta mfululizo. Kila nukta ina mahali ilipo kwa upana na kwa kimo, muda ilipopita, na nguvu ya mkono. Apple Pencil, tangu ilipotoka mwaka 2015 pamoja na iPad Pro, mahali pake husomwa mara 240 kila sekunde. Zipo kalamu zinazotofautisha viwango 4,096 vya mkandamizo. Mimi nikiwa na hasira nina viwango viwili. Na Microsoft walipotoa Windows XP Tablet PC Edition mwaka 2002, wino wa kwenye kioo waliupimia kwa kipimo ambacho uniti yake moja ni sehemu ya mia ya milimita.

Hapo nikaweka kikombe chini. Kumbe programu za namna hii zinaweza kujua ncha ya kalamu ilikuwa wapi kwa sehemu ya mia ya milimita, ilifika saa ngapi na ilikandamiza kiasi gani. Mambo hayo muuza duka wangu hayajui hata moja. Lakini muuza duka ananipa mchele.

Mpwa akaendelea bila kujali. Kuanzia kalamu inapogusa mpaka inapoinuka, nukta zote za hapo katikati hufungwa pamoja na kuitwa stroki moja. Programu haipokei neno, inapokea stroki zikipangana kwa mfuatano zilivyoandikwa. Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini Kiswahili kinaonewa.

Chukua neno "kijijini". Lina herufi nane, na sita kati yake ni i au j, kila moja na nukta yake kichwani. Sasa sisi tuliofundishwa mwandiko wa kuunganisha shule ya msingi, na kuchapwa vidole tulipouvunja, hatuweki nukta njiani. Mkono unatoka kwenye k ukikimbia moja kwa moja mpaka i ya mwisho, ndipo unarudi juu na kurusha nukta sita kwa mpigo. Programu, kwa upande wake, imepokea stroki moja ndefu yenye vilima sawasawa visivyo na jina, ikadhani neno limekwisha, kisha inashushiwa vistroki sita vidogo vinavyochelewa. Kwa muda ni vya mwisho wa neno. Kwa mahali ni vya katikati. Wataalamu wamekesha kwa ajili ya nukta hizi. Baadhi ya programu huzibandua kwanza, zisome mwili wa neno peke yake, na kuweka tu kumbukumbu kwamba juu ya sehemu fulani paliguswa. Ni utaratibu mzuri kwa mtu anayerusha nukta zake kwa rula. Zangu, mbili huungana zikawa kistari, moja huangukia mstari wa juu, na moja sijui huenda wapi.

Ile alama ya "ng'" nayo ni yaleyale. Ni kitone kilichochongoka, kimekuja baadaye, kinaning'inia hewani bila mwenyewe. Kabla ya kusoma, programu hufanya usafi: inalainisha mitetemo ya mkono, inazipanga upya nukta ziachane kwa umbali ulio sawa, inanyoosha herufi zilizolala, na inafuta vialama vidogo inavyodhani ni kalamu imegusa kwa bahati mbaya. Ng'ombe wangu waliponea chupuchupu. Kilichofagiliwa ni alama yao. Babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambamo be, te na the ni mwili uleule, tofauti ni nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Angekikabidhi kishikwambi hiki barua moja tu ya mirathi, ukoo ungekuwa mahakamani mpaka leo.

Halafu kuna suala la kunyamaza. Nikiinua kalamu kwa muda kidogo, programu huhesabu kwamba nimemaliza, na huanza kusoma. Sasa fikiria kikao cha michango. Mjumbe anasimama, anasema, "Mimi naahidi laki..." kisha anatazama dari. Anawaza ada ya watoto, anawaza kodi ya nyumba, anamtazama mkewe. Mimi kalamu iko juu, nasubiri. Kishikwambi hakisubiri. Kimeshaandika "laki" na kufunga hesabu. Mjumbe anapomaliza kwa kusema "...tatu", ile tatu inasimama peke yake mstari wa chini na kusomwa "Tutu". Kwenye muhtasari, Tutu hajaahidi kitu.

Stroki zikishasafishwa, sehemu nyingine ya programu huzigawa: hizi ni za neno moja, hizi za neno jingine, huu ni mstari mpya. Inagawa kwa kupima nafasi zilizo wazi. Nikivuta pumzi katikati ya "Mwenyekiti", inaona pengo na kutoa "Mwenye kiti". Mwenyekiti wetu, mzee mwenye kuthamini vyeo, aliuliza mbele ya wajumbe kama amevuliwa madaraka na kuachiwa fanicha.

Baada ya kugawa ndipo kusoma kunapoanza, na hapa mpwa wangu alinyanyuka kwenye kiti kwa furaha. Zamani, akasema, programu ilikatakata neno vipande na kukisia kila kipande ni herufi gani. Siku hizi unatumika mtandao wa neva, ambao huupitia mwendo wote wa kalamu, mara nyingi kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma, na katika kila hatua hutaja uwezekano wa kila herufi. Google walieleza mwaka 2019 kwamba mwandiko kwenye kibodi yao ya Gboard unasomwa kwa njia ya namna hiyo, baada ya kuzigeuza nukta kuwa mikunjo ya Bézier. Na katika hatua za mtandao huo, pamoja na herufi zote, kuna alama moja ya ziada inayomaanisha "hapa sina la kusema". Njia hiyo ilitolewa na Alex Graves na wenzake mwaka 2006.

"Ngoja," nikamwambia. "Inaweza kusema haina la kusema?"

"Kati ya herufi na herufi, Mjomba."

"Na kuhusu neno zima?"

"Neno zima lazima iseme kitu."

Hili ndilo linalonikera, na kila nikilifikiria linanikera upya. Ndani ya programu mna mashahidi wawili. Wa kwanza anaeleza mkono ulikwenda wapi. Wa pili ni kamusi, na yeye hakuwepo kabisa. Anaeleza watu kwa kawaida huandika nini. Hukumu inatolewa kwa kuchanganya maneno yao. Shahidi wa kwanza alisema wazi kwamba ameona m, c, h, e, l, e, ingawa kati ya m na c palikuwa na kiungo cha mkono ambacho mtu akitaka anaweza kukiita i. Wa pili, aliyekuwa wa Kiingereza kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubadilisha mpangilio wa lugha, akaapa kwamba "mchele" hamjui lakini Michele anamfahamu vizuri. Akaaminiwa yeye. Shangazi wa watu akapelekwa China kwa ushahidi huohuo.

Basi tukabadilisha lugha. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha muda wote, kinasubiri kupakuliwa. Tukakipakua, mchele ukarudi kuwa mchele, pilau ikarudi jikoni, na mimi nikaanza kulegeza uso. Nikaandika azimio la kikao kilichofuata: "Wasiochangia wafuatiliwe majumbani kwao kuanzia Jumamosi." Kikatoa: "Wasichana wafuatiliwe majumbani kwao kuanzia Jumamosi."

Biharusi akapiga simu tena.

Mpwa akasema tatizo sasa ni orodha ya maneno. Kitenzi cha Kiingereza kina maumbo machache. Ukiyaandika matano au sita umekimaliza. Cha kwetu kimoja tu, cha kuchanga, kinakupa nitachanga, hatujachanga, waliotuchangia, tutakapowachangisha, asingechangiwa, mnaochangishana, na kabla hujaimaliza orodha harusi imekwisha na watoto wamezaliwa. Mwenye kutengeneza kamusi ya maneno mazima, kwa lugha yetu, anateka maji baharini kwa kijiko. Programu iliyoundwa vizuri haidai kulijua neno zima: inajifunza herufi na silabi za lugha zinavyofuatana, ili "wasiochangia" likipita isiulize kitambulisho chake. Ya kishikwambi chetu ilikuwa inajua wasichana, haiwajui wasiochangia. Ningependa kuishi katika mji wa mtu aliyeitengeneza.

Na msinieleze kwamba teknolojia ni changa, tuivumilie. Mwaka 1993 Apple waliuza Newton MessagePad kwa dola 699, kifaa cha kuandikia kwa kalamu kilichoahidi kusoma mwandiko wa mwenyewe. Mchora katuni Garry Trudeau akakiweka kwenye Doonesbury, mtu anakiandikia swali la kawaida, chenyewe kinatoa upuuzi wa mayai na madoa ya ngozi. Matoleo yaliyofuata yalisoma vizuri zaidi, lakini kicheko hakifutiki kwa toleo jipya, na mwaka 1998 Newton ikazikwa. Mwaka 2001 Bill Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka mitano kompyuta ya kalamu ingekuwa aina inayouzwa kuliko zote Marekani. Miaka mitano ikapita, watu wakiwa wanabonyeza vitufe.

Mmoja tu katika historia yote hii namvulia kofia: Jeff Hawkins, mtu wa Palm Pilot ya mwaka 1996. Yeye hakuahidi kusoma mwandiko wa mtu. Aliwapa wateja alfabeti aliyoiita Graffiti, karibu kila herufi stroki moja, A haina mstari wa katikati, na akawaambia wajifunze kuandika hivyo kama wanataka kusomwa. Watu wazima wenye shahada zao wakakaa chini kusoma irabu upya, na kikauzika. Kilikuwa kiburi, nakubali, lakini kiburi cha wazi. Kifaa kilikiri mapema kwamba mwandiko wako hakiuwezi. Changu kinasema kinauweza.

Nikarudi kwenye fedha, maana hapo ndipo katibu anapoweza kufungwa. Kwa nini 50,000 igeuke "So,ooo" na 100 igeuke "loo"? Kwa mwendo wa kalamu, mpwa akanieleza, tano na S hupita njia moja, sifuri na o ni duara lilelile, moja na l ni fimbo ileile. Mkono peke yake hauwezi kuamua. Anayeamua ni mahali. Mtengenezaji wa fomu anaweza kuiambia programu: hapa inaandikwa namba, pale tarehe, pale namba ya simu. Ikiambiwa hivyo, S inaondolewa kabisa kwenye mahesabu na tano inapita bila kupingwa. Hata ile zana ya Microsoft ya 2002 ilikuwa na nafasi ya kuambiwa hivyo.

"Na fomu yetu ya michango, safu ya kiasi, iliambiwa?"

Akanyamaza.

"Fomu aliitengeneza nani?"

Akanyamaza zaidi. Nikammiminia chai nyingine, kwa sababu mimi ni mtu wa haki.

Akiwa katika hali hiyo ya unyonge ndipo alipotoa siri kubwa kuliko zote. Programu haitoi jibu moja. Inatoa orodha: jibu la kwanza, la pili, la tatu, na kila moja lina alama ya uhakika. Akafungua sehemu za ndani akanionyesha lile neno la siku ya kwanza lilivyohukumiwa. Wa kwanza alikuwa Michele. Wa pili, nyuma yake kidogo sana, alikuwa mchele wangu, amekaa pale kwa adabu, akisubiri kuulizwa. Hakuna aliyemuuliza. Programu ilikuwa na mashaka makubwa, ikayafungia ndani, ikatoka nje na uso mkavu na kumtangaza mwanamke wa kilo mia mbele ya koo mbili.

Sitaki mengi. Sitaki isome kila kitu. Hata mke wangu hasomi kila kitu. Nataka ile orodha itolewe nje. Jibu la kwanza na la pili yakikaribiana, neno lipigiwe mstari, au liachwe kwa mwandiko wangu nilivyoliandika, ili msomaji mwenye macho ajisomee. Wino wenyewe unahifadhiwa, stroki zote zimo, hakuna gharama. Muuza duka wangu anajua kuuliza "Mzee, hapa umeandika nini?" na hana hata nukta moja kwa sekunde. Lakini inaelekea wenye viwanda wameamua kwamba mteja akiulizwa ataona kifaa ni kijinga. Kwa hiyo wanaona heri mteja aonekane mjinga yeye.

Mpwa, kwa kujisafisha, alifanya kitu kimoja cha maana: aliyaingiza maneno yetu kwenye kamusi ya mtumiaji. Shangazi, mchele, wasiochangia, majina ya wajumbe wote na ya wadaiwa sugu. Fomu ikaambiwa namba ni namba. Harusi ikafana, wali ulitosha na kubaki, na biharusi alinisalimia kwa sauti ya kawaida.

Nilidhani yameisha. Juzi jirani yangu mfanyabiashara akaniomba nimwandikie barua fupi ya kumtuliza mteja wake, nikaona nitumie kalamu hiyohiyo kwa kuwa sasa imekwishalainika. Nikaandika: "Kontena la vigae limeshatoka Shanghai, mgawo wako uko palepale." Kikasoma: "Kontena la vigae limeshatoka kwa Shangazi, mgawo wako uko palepale." Hilo "kwa" sikuliandika mimi, kiliona sentensi inapendeza zaidi likiwepo. Na kwa kuwa kishikwambi bado kimeunganishwa na kundi la kamati, ambalo halijavunjwa kwa sababu ya wadaiwa sugu, barua ikaenda kwa wajumbe wote.

Shangazi amepiga simu. Anataka kujua kontena lake lina vigae vya aina gani na tumeliuza kwa idhini ya nani. Nimemweleza kwamba ni kalamu imekosea. Amesema kalamu ilipomwandika Shanghai tulimfuata mpaka mlangoni akatoa elfu hamsini taslimu, kwa hiyo leo ilipomwandika Shangazi na sisi tutoe.